Wito umepokelewa tarehe 19 Desemba: siku 15 zinaisha lini?

Swali (Jinja, Uganda): Wakubwa, shikamooni. Wito wa kesi ya madai umepokelewa Ijumaa, 19 Desemba 2025. Utetezi wa maandishi unatakiwa ndani ya siku 15. Simu inanipa 3 Januari, Jumamosi. Ni sahihi?

Jibu 1: Marahaba. Simu imejumlisha tu, haijui kanuni. Siku ya kupokea haihesabiwi, kwa hiyo siku ya 1 ni tarehe 20. Ila kwa Uganda, Amri ya 51 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai inaruka 24 Desemba hadi 15 Januari, pamoja na siku hizo mbili zenyewe, mahakama isipoagiza vinginevyo. Tarehe 20 hadi 23 ni siku 4. Unaendelea 16 Januari kama siku ya 5, na ya 15 inaangukia 26 Januari.

Jibu 2: Nayo 26 Januari ni sikukuu ya NRM (chama tawala cha Uganda), ofisi zimefungwa. Mwisho unasogea hadi Jumanne tarehe 27. Lakini jamani, peleka mapema. Foleni ya masijala haina huruma.

Muulizaji: Jumapili za katikati je?

Jibu 1: Zinahesabiwa. Jumapili na sikukuu huachwa tu muda ukiwa chini ya siku 6. Kwenye Excel, =A1+15 (A1 ni kisanduku chenye tarehe ya kupokea) inatosha kwa miezi mingine, mradi Excel isisome mwezi kwanza: 5/12, yaani 5 Desemba, hugeuka Mei 12.