Ejensi inakua kwa kasi ila ndani ni vurugu tupu, nivumilie au nisepe?

Binti wa Tabata
Wakuu habari za saa hizi. Niko ejensi moja ya matangazo hapa Dar, jina naliweka kapuni. Naingia tulikuwa wachache tunakaa chumba kimoja kila mtu anajua mwenzake anafanya nini, sasa hivi tumejaa mpaka wengine wanafungulia laptop ngazini, kila Jumatatu bosi anatangaza tumepata mteja mpya watu wanapiga makofi afu unajiuliza hiyo kazi nani anaifanya. HR hakuna. Kila kitu WhatsApp, na kila mteja ana magrupu mawili, moja yumo na lingine hayumo.

Juzi kati bango la duka limechapishwa Kariakoo na bei ya zamani. Mteja alishatuma bei mpya ila kwenye grupu lake, dizaina hayumo humo, aliyemo alikuwa kikaoni na mteja mwingine, na faili lililoenda kuprintiwa linaitwa FINAL_MPYA_ya_mwisho_2, sasa kwenye folda yapo manne yote final. Saa sita usiku bosi katupa voisi noti ndefu "hii kazi ni ya nani?" Grupu kimya, tiki za bluu tu.

Mimi niliajiriwa kuandika kontenti, sasa naandika, najibu komenti, nafukuzia invoisi, na wamenipa cheo cha tim lida bila nyongeza hata ya vocha. Mshahara ulikuwa tarehe 28, ukasogea tarehe 5, mwezi huu leo ni tarehe 12 tunaambiwa mteja mkubwa analipa wiki hii. Kazi zipo jamani, naziona, hela inaenda wapi? Nisiwe mnafiki, nimejifunza mengi hapa kuliko chuo. Ushauri tafadhali.

Kijana wa Sinza
Hahaha dada hapo ni kwetu au? Sisi tulishafika hatua ya kuwa na grupu la kuulizana kazi iko grupu gani. Vumilia, kusanya kazi zako nzuri za kuonyesha huko mbele, ukitoka hapo hakuna ofisi itakutisha.

Mzee wa Leja
Binti, nimeshika vitabu vya ejensi mbili kwa hiyo hili la hela nalijua. Wateja wakubwa wanalipa baada ya siku 60, wengine 90. Matangazo ya Instagram yanakatwa kwenye kadi papo hapo, mchapaji anataka advansi, na nyie mnataka mshahara mwisho wa mwezi. Halafu kuna VAT. Bosi akitoa invoisi ya milioni 10, TRA wanaihesabia milioni 1.8 na inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Kwa hiyo kila mteja mpya mnayempigia makofi anaanza kwa kula hela kabla hajaleta. Si lazima bosi awe mwizi, ila kama hana mtu wa fedha anayeweza kumwambia "huyu tusimchukue" basi atazidi kuajiri na mishahara itazidi kuchelewa. Mchunguze hapo. Na angalia michango yako ya hifadhi ya jamii NSSF, mwajiri akikwama hiyo ndo ya kwanza kurukwa.

Kidampa
Naongezea kwa Mzee. Mchango wa NSSF jumla ni asilimia 20 ya mshahara, wewe usikatwe zaidi ya 10. Wakikukata na wasipeleke hiyo ni hela yako wamekaa nayo, chukua salari slipu zako nenda ofisi ya NSSF kabisa. Na hicho cheo kiangalie vizuri dada. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu mara moja na nusu, LAKINI meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa hayumo kwenye hayo masaa. Sasa usije ukakuta umepewa cheo ili usidai. Wakuandikie majukumu, na uone kama kweli kuna watu unawasimamia.

Kijana wa Sinza
Kumbe ndo maana kwetu kila mtu ni meneja 😭

Binti wa Tabata
Asanteni sana. Nimecheki NSSF, imesimama tangu mwezi wa tatu na kwenye slipu nakatwa kama kawaida. Tim yangu nayo ni dogo mmoja wa fildi ambaye ameshamaliza. Nimeomba kikao na bosi kanijibu "nitumie kwenye grupu". Sasa nikiacha natakiwa notisi kiasi gani, na madai yangu je?

Kidampa
Unalipwa kwa mwezi, siku 28, kwa maandishi na uweke sababu, labda mkataba wako useme zaidi. Madai ya mshahara unapeleka CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 60 tangu dai lianze, usikae nayo. Na hizo slipu zitoe kwenye laptop ya ofisi leo hii.