Tupeane uzoefu: dawa za Alzheimer kwa mke au mume, kuzianza, kuzipandisha na kuziacha

Mwanzisha uzi, Tabata
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaouguza mke au mume mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, hapa Dar. Swali ni lile lile linalowanyima wengi usingizi: aanzishiwe dawa au aachwe, na akianza tuangalie nini? Naomba tuandike vitu vya mkononi: dozi, saa, madhara, na mahali mambo yanapoharibikia.

Naanza na kinachotangulia kidonge. Jina la ugonjwa lisikubaliwe kabla ya vipimo vya damu (wingi wa damu, sukari, chumvichumvi, figo, homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende) na CT scan ya kichwa. Aliyemeza metformin, dawa ya kisukari, miaka mingi anaweza kupungukiwa B12. Aliyeteleza bafuni mwezi uliopita akagonga kichwa anaweza kuwa na damu iliyovia juu ya ubongo. Yote mawili huleta usahaulifu, na yote yana tiba. Na kama mtu Ijumaa aliwajua wajukuu wake wote, halafu Jumapili anaongea na ukuta, hiyo siyo Alzheimer kusonga mbele. Mara nyingi ni UTI, malaria, nimonia, choo kilichofunga au maji yamemwishia mwilini, na joto la Januari humaliza maji ya mzee bila yeye kuhisi kiu. Tafuteni chanzo siku hiyo hiyo. Dawa ya kumbukumbu isubiri.

Mfamasia, Kariakoo
Kabla ya kununua dawa mpya, mwaga mezani mfuko mzima wa dawa za zamani. Donepezil, rivastigmine na galantamine kazi yake ni moja: kuzuia asetilikolini, kemikali inayopeleka taarifa ndani ya ubongo, isivunjwe haraka. Piriton, Phenergan, amitriptyline, Buscopan, benzhexol na vidonge vingi vya mafua vinavyolewesha vinaziba njia ya kemikali hiyo hiyo. Mgonjwa anapewa donepezil, juu yake Piriton ili alale, halafu nyumbani wanalalamika kuwa dawa ya gharama haifanyi kazi. Hapo ni kuteka maji kwa pakacha. Piriton ya kulalia iacheni leo. Amitriptyline na diazepam zilizozoeleka hazikatwi ghafla, daktari azipunguze taratibu.

Mara nyingi huanza donepezil: 5 mg mara moja kwa siku kwa wiki 4 hadi 6, kisha 10 mg kama mwili umeikubali. Kawaida humezwa usiku. Akianza kuota ndoto za kutisha na kuamka akipiga kelele, daktari huihamishia asubuhi, na mara nyingi zinatulia. Kichefuchefu na kuharisha huja zaidi siku za mwanzo na kila dozi inapopanda. Chakula kikitangulia, tumbo hutulia kidogo. Mpimeni uzito kila mwezi kwa mzani ule ule. Anayekonda kwa kukosa hamu ya kula abaki kwanza kwenye 5 mg, na daktari ajulishwe. Kupanda hadi 10 siyo lazima.

Na mjue mnachonunua. Dawa hizi haziponyi wala hazisimamishi ugonjwa. Kwa baadhi ya watu huleta nafuu ndogo au hushikilia hali kwa miezi kadhaa, kwa wengine hakuna kitu. Nafuu yenyewe huwa kama kuvaa shati bila kusaidiwa, au kumaliza sentensi.

Nesi mstaafu, Temeke
Mfamasia kasema vyema, mimi nasisitiza moyo. Hizo tatu alizozitaja hupunguza mapigo. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ifanyike kabla, hasa kwa aliyewahi kuzimia au anayemeza dawa za presha au moyo kama atenolol, bisoprolol au propranolol. Matone ya timolol ya presha ya macho nayo huingia mwilini na kupunguza mapigo. Watu huyasahau kwa sababu siyo kidonge.

Kupima ni hivi. Akae ametulia dakika 5. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa gumba. Usitumie gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha, moyo unaorukaruka utakudanganya. Ikiwa chini ya 60 na siyo kawaida yake, daktari aambiwe kabla dozi haijapanda. Ikiwa chini ya 50, au amezimia hata kama ameinuka anacheka, usimpe dozi inayofuata na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye pumu au vidonda vya tumbo atajwe mapema. Diclofenac ya magoti pamoja na dawa hizi huongeza hatari ya tumbo kutoa damu. Choo cheusi kinachonata, msisubiri asubuhi.

Mama wa Mbagala
Poleni na kuuguza. Naulizia plasta ya ngozini. Kwa jasho la huku inashika kweli? Na mzee anayebandua kila kitu, inakuwaje?

Nesi mstaafu, Temeke
Inashika, mama, ukiiandaa ngozi. Ni rivastigmine, huanza 4.6 mg kwa saa 24, na baada ya wiki 4 hupandishwa hadi 9.5 akiimudu. Bandika baada ya kuoga ngozi ikishakauka kabisa, bila mafuta, losheni wala poda. Mkalishe kwenye feni kwanza. Ikandamize kwa kiganja sekunde 30. Kwa anayebandua, weka mgongoni juu, mkono wake usipofika. Mahali pale pale pasirudiwe ndani ya siku 14, ngozi itaungua na kuwasha.

Kosa linaloua ni kubandika mpya bila kutoa ya jana. Plasta mbili ni dozi mbili: atatapika, atatoka jasho, moyo utapungua kasi. Andika siku juu ya plasta kwa kalamu, na kazi hii ifanywe na mtu mmoja nyumbani. Dada wa kazi na binti wakipokezana, kila mmoja atadhani mwenzake ameshatoa. Iliyotoka ikunje, gundi iwe ndani, nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Mkazi wa Mbezi
Memantine haijatajwa. Hii ni ya hatua ya kati na ya mwisho, na inaweza kutumika pamoja na donepezil. Huanza 5 mg kwa siku, inaongezwa 5 kila wiki hadi 20. Haisumbui tumbo sana. Huleta kizunguzungu, kichwa kuuma, choo kigumu na usingizi. Wenye presha na kisukari cha muda mrefu wapime figo kwanza, kwa kuwa figo zikiwa zimechoka sana kiwango huishia 10 mg kwa siku.

Mwanzisha uzi, Tabata
Asante. Na yule anayekesha, anatukana, anataka "kurudi kwao" usiku wa manane? Wengi hupewa haraka haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili ya kumtuliza mtu.

Nesi mstaafu, Temeke
Hapa naomba tuwe wakali. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005 kwamba dawa mpya za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2008 onyo likafika hadi haloperidol. Kwanza tafuteni maumivu: jino, goti, kibofu kilichojaa, kidonda cha kulalia. Mtu asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa ngumi. Muulizeni daktari kuhusu Panadol ya kupangiwa saa kwa siku chache kabla ya kitu kizito. Taa ziwashwe mapema jioni, usingizi wa mchana upunguzwe.

Ikibidi kwa sababu ni hatari kwake au kwako, dozi iwe ndogo kabisa. Risperidone, ya kundi hilo hilo, huanza na 0.25 mg. Tarehe ya kuipitia upya iandikwe kwenye cheti, ndani ya wiki 6. Anayeona watoto au wanyama wasiokuwepo na kutembea kwa kukakamaa, mwambieni daktari kabla ya sindano yoyote: huenda ni ugonjwa wa Lewy, aina nyingine ya ugonjwa wa kusahau, na haloperidol inaweza kumgandisha mwili mzima, hata kumuua.

Mfamasia, Kariakoo
Watoto walio ng'ambo hutuma habari za lecanemab na donanemab, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Ni za dripu, kwa hatua ya mwanzo tu, baada ya kuthibitisha amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer, na zinadai picha za ubongo za MRI za mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Mgonjwa wa hatua ya kati hazimhusu.

Kuhusu kuacha. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 295 wa hatua ya kati na kali waliokuwa tayari kwenye donepezil, ulionyesha kuwa walioendelea walishuka polepole kuliko walioachishwa. Kwa hiyo "ugonjwa umezidi" peke yake siyo sababu ya kuacha. Sababu ni kukonda, kuzimia, kuharisha kusikoisha, au mtu kutomeza tena. Hushushwa hadi 5 mg kwa wiki 4, ndipo husimama. Akiporomoka waziwazi wiki chache baadaye, rudini kwa daktari mapema, yaweza kurudishwa.

Mkazi wa Mbezi
Muulizeni mwenyewe kungali mapema, angali anaelewa. Jibu lake liandikwe na watoto na mashemeji walisikie, ili siku ya kuamua mke au mume asibaki peke yake kwenye lawama. Chagueni mambo matatu ya kupima tangu siku ya kwanza, kama kuvaa, kula mwenyewe na kumtambua mwenzake, mkiyaandika kwenye daftari kila Jumapili.

Piga hesabu ya gharama ya miezi 6 kabla ya kuanza, na ipigie famasi simu kabla dawa hazijaisha, maana siyo kila duka linaziweka. Mkisafiri msibani, bebeni za wiki moja zaidi ya siku mlizopanga. Dozi moja ya donepezil ikipita, irukeni, msimpe mbili. Plasta ikikosekana zaidi ya siku 3, msirudi kwenye 9.5; anaanza upya na 4.6.