Kupunguza uzito: sliivu, baipasi, puto au sindano? Niko Kisumu, nisaidieni kuamua

NyarKano (Kisumu)

Habari zenu wadau. Nimesoma humu kimyakimya karibu mwaka mzima, leo nimeamua kujitokeza. Nina miaka 41, mwalimu, kilo 124, urefu mita 1.63. Ukipiga hesabu, BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 46 na ushee. Dawa za presha nameza mwaka wa sita sasa, sukari imeanza kubisha hodi, na magoti yamezeeka kabla yangu.

Kilichonisukuma si daktari. Mwezi wa nne tulikuwa matangani Ahero. Mimi nikienda matanga huomba viti viwili vya plastiki, napachika kimoja juu ya kingine ndipo nakaa. Nimezoea. Siku hiyo viti vilikuwa haba, akaja kijana mmoja kwa heshima zake zote: "Mama samahani, kuna mzee amesimama." Nikampa kimoja. Nikakitazama kilichobaki, nikaona mguu wa nyuma tayari una ufa. Basi nikasimama kuanzia mahubiri hadi watu walipoanza kupakuliwa chakula, nikijifanya napenda kupunga upepo.

Msiniambie nijaribu kwanza, nimejaribu. Nimeacha ugali, nimetembea alfajiri kutoka Milimani mpaka Dunga, nimekunywa majani ya kila rangi. Mwaka 2019 nilipunguza kilo 17, zikarudi na jamaa zao.

Nimeshaonana na daktari mmoja Nairobi. Bei aliyonitajia inanunua Probox ya mitumba na mafuta ya kuifikisha nyumbani. Bima ya kazini imesema hayo ni mambo ya urembo, kwa hivyo itakuwa mkopo wa sacco. Daktari anapendekeza upasuaji wa sliivu, ule wa kukata tumbo. Kiungulia ninacho, nalalia mito mitatu, lakini hilo hakuniuliza nami sikusema. Mliopitia, mngechagua nini?

Wa58 (Nakuru)

Karibu dada. Mimi ni sliivu ya 2021. Niliingia na kilo 142, mwezi wa kumi na nne nikafika 96, leo niko 105. Naandika na hiyo 105 kwa sababu wengi wakifika hapo huacha kuandika.

Wanakata karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kulitupa, linabaki umbo la ndizi. Halirudishwi. Sehemu inayotolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwa hivyo miezi ya kwanza nilikuwa naiangalia nyama choma kama kalenda ya ukutani.

Lakini kiungulia sikuwa nacho, na sasa ninacho. Tumbo likiwa jembamba, presha ya ndani hupanda na asidi hupata njia ya juu. Kila jioni omeprazoli. Wewe unalalia mito mitatu kabla hata ya kukatwa! Meza kamera kwanza, waone koo na tumbo lako, ndipo mtu akutajie aina ya upasuaji.

La pili ni umbali. Nakuru na Nairobi ni kilomita 160 hivi, na bado niliona cha mtema kuni. Wiki ya tatu nilikaukiwa maji mwilini kwa sababu ya uzembe wangu wa kunywa. Usiku nikapelekwa hospitali moja hapa mjini. Kijana wa zamu akanisikiliza vizuri, akatoka, akarudi na jagi la glukosi. "Mzee, kunywa yote." Jagi! Mtu niliyekuwa nikinywa kwa kifuniko cha soda. Mke wangu akampigia daktari wa Nairobi, akaweka spika, wakaongea wao kwa wao, ndipo nikatundikiwa dripu. Wewe uko mara mbili ya umbali huo. Kabla ya bei, uliza nani atakupokea Kisumu saa nane za usiku.

BabaTatu

Hivi babu zetu nani aliwakata matumbo? Shika jembe, punguza chapati. Pesa za sacco zijenge nyumba.

MwanaMulembe (Bungoma)

BabaTatu, babu zetu pia hawakuwa na boda ya kuwafikisha mlangoni. Mwenzio ameshakwambia kilo 17 zilirudi. Mwili ukikonda kwa njaa huongeza njaa na kupunguza matumizi, hiyo si tabia mbaya ya mtu.

Dada, mimi nilikuwa wa sindano za kila wiki, semaglutaidi. Zinafanya kazi, nisizisingizie. Utafiti mkubwa wa 2021 uliwapa watu miligramu 2.4 kwa wiki 68, wakapungua wastani wa kama asilimia 15. Tirzepatidi, sindano nyingine ya aina hiyo, kwenye utafiti wa 2022, ilifika karibu asilimia 20 kwa dozi za juu. Upasuaji kwa kawaida unapita hapo. Mimi nilishuka kutoka 118 hadi 101. Halafu karo ya mtoto wa sekondari ikaja, nikaacha. Waliofuatiliwa baada ya ule utafiti wa kwanza walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja, nami sikuwaangusha: niko 113.

Kwa hivyo usilinganishe bei ya sindano ya mwezi na bei ya upasuaji. Linganisha ya miaka mitano. Na usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayekuletea kalamu ya sindano kwenye mfuko wa nailoni. WHO yenyewe ilitoa tahadhari Juni 2024 kuhusu semaglutaidi bandia.

Dunga_Pwani (Kisumu)

Puto, kwa ufupi. Unaingiziwa kwa kamera, linajazwa maji, miezi sita linatolewa. Wiki ya kwanza nilitapika hadi nikataka litolewe usiku huo. Kilo 11 zilienda, 8 zimerudi. Kwa mtu wa kilo 95 anayetaka kuanza, sawa. Kwa 124, kama si la kukushusha kidogo kabla ya upasuaji, utakuwa umekodi tu wembamba wa muda.

ChaiNaMaziwa (Kericho)

Mimi ni baipasi, na nilikuwa na sukari tangu 2013. Niliingia nikijidunga insulini asubuhi na jioni, nikatoka na vidonge tu, kabla hata kilo hazijashuka. Tumbo hugawanywa, kinabaki kifuko cha kama mililita 30, kisha utumbo unavutwa na kuunganishwa hapo ili chakula kiruke sehemu ya mwanzo. Asidi nayo haina njia nzuri ya kupanda, ndiyo maana wenye kiungulia kikali husukumwa huku. Daktari wangu hasemi sukari imepona, anasema imelala. Napima bado.

Sasa ubaya wake. Miezi minne baada ya upasuaji tulienda kwa wakwe. Mama mkwe akaniletea chai ile ya kwetu, maziwa mengi, sukari ishakorogwa jikoni. Ningekataaje? Nikanywa nusu kikombe. Dakika kumi na tano hazijaisha, moyo ukaanza kukimbia, jasho hadi mgongoni, tumbo likakoroga, nikaomba kuonyeshwa pa kulala. Mama mkwe akaamini nina mimba, akaanza kuimba. Kumbe sukari ilimiminika kwenye utumbo kwa mkupuo. Wanaita dampingi. Tangu hapo nabeba chupa yangu, na wakwe wameshajua.

Vitamini ni za maisha: B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D. Mwaka wa pili nilijidai nimezoea, nikaacha miezi kadhaa. Nilianza kukata pumzi kwenye mlima wa kwenda kazini, damu ikapimwa, ikawa chini kabisa. Hizo tembe ziweke kwenye bajeti kama kodi ya nyumba.

Nesi_wa_Zamu (Kakamega)

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi. Wa58 ameligusa penyewe: usichague upasuaji tu, chagua na watu wa kukufuata.

Kwa vipimo vyako unastahili bila ubishi. Zamani ilikuwa BMI 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine. Kwa hivyo yeyote atakayekuita mvivu, muulize yeye amesoma wapi.

Kamera usiikwepe. Wakikuta bakteria wa H. pylori, mnaitibu kwanza. Ukikoroma na kushtuka usiku ukitafuta pumzi, sema, ili wa nusu kaputi ajue. Wiki mbili kabla watakupa chakula chepesi sana. Si adhabu: ini lenye mafuta hunywea kidogo na kumwachia daktari nafasi ya kufika tumboni.

Ukisharudi nyumbani, haya yaandike kwenye mlango wa friji. Moyo kupiga mara 120 kwa dakika umekaa tu, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda bega la kushoto, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba: hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda. Vifo ni vichache, chini ya nusu ya asilimia moja kwenye hospitali zilizozoea, lakini wengi ninaowakumbuka walioumia sana ni waliovumilia. Kutapika siku kadhaa mfululizo nako si kwa kuvumiliwa, vitamini B1 huisha upesi na ubongo huumia.

Ukienda baipasi, dawa za maumivu za jamii ya Brufen na aspirini zikae mbali nawe, zinachimba vidonda pale palipounganishwa. Mwambie na wa duka la dawa la mtaani, kwa sababu hapa kwetu ukisema mgongo tu umeshafungiwa nne kwenye karatasi.

Nywele zitanyonyoka mwezi wa tatu hadi wa sita hivi. Zitarudi. Usinunue mafuta ya mtu.

Aduda (Siaya)

Naomba kuuliza, mimi nina miaka 29 na bado natafuta mtoto. Nisubiri?

Nesi_wa_Zamu (Kakamega)

Mdogo wangu, baada ya upasuaji subiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Na chunga: uzito ukishuka, mayai huamka, waliokaa miaka bila mtoto hushtukia wamepata. Vidonge vya kupanga uzazi havitegemewi baada ya baipasi, zungumzia kipandikizi au koili. Na ukipata mimba, mwambie wa kliniki ulifanyiwa nini, maana kile kipimo cha kunywa glukosi kinaweza kukuletea ile ya ChaiNaMaziwa.

Wa58 (Nakuru)

Nilisahau jambo ambalo hakuna daktari aliniambia. Ukikonda haraka huku kwetu, watu hawasemi umependeza. Mtaani Section 58 walisema nina ule ugonjwa. Muuza maziwa alianza kuniekea kikombe changu pekee. Mama yangu alipanda matatu kutoka Njoro kuja kunililia. Amua mapema utamwambia nani ukweli. Mimi niliwaambia watu watatu, nikagundua ningewaambia kumi.

BabaTatu

Nimesoma yote. Shemeji yangu ana kilo 150 na hulala ameketi. Nesi, hiyo kamera inapatikana huku magharibi ama ni Nairobi tu?

Nesi_wa_Zamu (Kakamega)

Kamera inapatikana huku, hata Kisumu na Eldoret. Na huko kulala ameketi si usingizi, apelekwe apimwe moyo na mapafu hata kabla ya habari ya uzito.

NyarKano (Kisumu)

Nimerudi, wiki ya sita sasa. Samahanini kwa kimya, kulikuwa na mitihani.

Kamera nilimeza hapa hapa Kisumu. Chini ya koo kumechubuka, sehemu ya tumbo imepanda juu ya kiwambo, na H. pylori wapo. Nimemaliza dawa za siku 14 zinazoacha mdomo na ladha ya senti. Nilirudi kwa yule daktari wa sliivu na karatasi mkononi. Akasoma, akakuna kidevu, akasema bado inawezekana. Nikamshukuru, nikatafuta mwingine. Huyu wa pili alianza kwa kuniuliza nalalia mito mingapi.

Kwa hivyo ni baipasi. Aliniandikia barua ya kumpa daktari wa hapa Kisumu, nikampelekea mwenyewe, akaisoma mbele yangu na kuweka namba ya mwenzake kwenye simu. Hilo pekee lilinipa usingizi kuliko mito. Nikitoka hospitali nitakaa kwa dada yangu Nairobi wiki mbili, sitapanda basi la usiku nikiwa na mshono wa siku nne.

Mume wangu alinyamaza siku tatu. Ya nne nilimkuta jikoni anapima maji kwa kifuniko cha soda, anahesabu vingapi vinajaza glasi. Mama mkwe nitamwambia. Wale wa matanga, tutaona.

Protini ndiyo inanisumbua, naambiwa gramu 60 hadi 80 kwa siku na zile poda za dukani zinanitia kichefuchefu. ChaiNaMaziwa, omena wanaruhusiwa wiki ya ngapi?

ChaiNaMaziwa (Kericho)

Fuata ratiba ya daktari wako. Mimi walikuwa wiki ya nne, wamechemshwa, wamesagwa hadi wakawa uji, wakachujwa. Vijiko vitatu nikashiba. Mimi ni Mkipsigis dada, omena sikuwahi kuwala maishani hadi tumbo liliponilazimisha. Watoe vichwa kwanza, vichungu.