Mrejesho: baraza la mbao, Raskazone

Wakuu, niliwauliza nimpe fundi wa mtaani au mkandarasi aliyesajiliwa anijengee baraza la mbao nyuma ya nyumba hapa Tanga. Nimechukua mkandarasi. Usajili wake niliuhakiki Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na bima nikapiga simu mwenyewe kwa kampuni iliyoitoa. Karatasi tu siku hizi mtu yeyote anachapa. Bei ilikuwa juu, sikatai. Ila jamaa kakataa kabisa misumari ya kawaida, eti chumvi ya bahari itaila. Mbao za mvule kazifunga kwa bolti za stenlesi, kaacha upenyo maji yapite, na nguzo kazikalisha juu ya zege, hazigusi udongo, mchwa wasipande kirahisi. Malipo ya mwisho bado ninayo mpaka amalize reli ya ngazi. Mliosema niulizie bima, ahsanteni.