Mzee wetu ana Parkinson, sisi watoto tutairithi? Wanaojua mambo ya jeni naomba msaada

Kijana_wa_Urambo:
Wakuu habari za saizi. Baba yangu ana miaka 63, mkulima wa tumbaku huku Urambo toka ujana wake. Sasa akiwa amekaa tu mkono wa kulia unatetemeka, kidole gumba kinasugua cha shahada vilevile kama anapima jani limekauka vipi, ila akinyoosha mkono kushika kikombe cha chai unatulia. Mtaani walishasema karogwa, tukampeleka Tabora mjini daktari akasema ni Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini (kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili) zinakufa. Marehemu babu naye uzeeni alikua hivohivo. Je mtu anazaliwa na seli chache au zinakufa baadae? Na jeni zinahusikaje? Tuko wanne, mdogo wetu wa mwisho halali kwa mawazo.

Maabara_Kigoma:
Pole sana kwa kuuguza mkuu. Hizo seli ziko ubongo wa kati, sehemu yenye rangi nyeusi, na mtoto akiwa bado tumboni kuna jeni zinazoziamuru ziwe seli za dopamini, LMX1A na FOXA2 zinaanza, halafu NURR1 na PITX3 zinawasha vimeng'enya vya kutengenezea dopamini yenyewe. Mwaka 1997 watafiti waliondoa Nurr1 kwa panya, watoto wakazaliwa hawana kabisa seli hizo za ubongo wa kati na wakafa mapema sana.

Sasa mimi kinachonigusa zaidi ni hiki, kazi ya jeni hizi haiishii kwenye kujenga. Ukiizima Nurr1 kwa panya mkubwa ambaye seli zake zilishakamilika, zinaanza kudhoofika. Na panya mwenye nakala moja tu ya jeni nyingine, En1, badala ya mbili anazaliwa seli zake ziko sawa tu, halafu zinapungua taratibu jinsi anavyokua. Kwaiyo mtu anaweza kuzaliwa nazo kamili, zikaja kufa ukubwani kwa kukosa matunzo. Dalili za mwili nazo zinachelewa, mkono ukianza kutetemeka sehemu kubwa ya seli ishaenda.

Nzega_Bio:
Kuhusu kurithi, wagonjwa wengi hawana jeni moja ya kuilaumu. Zipo za kifamilia, SNCA iligundulika 1997, parkin 1998 kwa familia za Japani, hiyo parkin na PINK1 zinasaidia kuondoa mitokondria mbovu (vile vinavyotengeneza nishati) ndani ya seli, ila mpaka urithi nakala mbovu kwa baba NA kwa mama, na wengi wao wanaanza kuumwa wakiwa vijana, sio miaka 60. LRRK2 inatosha nakala moja lakini wapo wengi wanaibeba mpaka wanazeeka hawaumwi. Halafu 2023 ikatoka kazi kubwa iliyohusisha wagonjwa wa Nijeria, wakakuta badiliko kwenye GBA1 ambalo liko kwa watu wenye asili ya Afrika na linaongeza hatari, kuongeza hatari tu jamani, sio hukumu. Miaka yote tulikua tunasomewa matokeo ya Wazungu, hii ilinifurahisha sana.

Mkuu kuna kitu hujakitaja, dawa za kupulizia shambani. Parakwati na rotenoni zimehusishwa na ugonjwa huu. Mzee asishike tena pampu.

Mama_Nesi_Ipuli:
Mwanangu, kama kaandikiwa levodopa, ile dawa inayogeuka dopamini ubongoni, mpe kama nusu saa kabla ya kula, nyama na maharage vinaizuia kuingia vizuri. Msiikatishe ghafla hata akisema kapona. Na mwambieni huyo mdogo wenu alale, baba kuumwa sio kwamba na yeye ataumwa.

Kijana_wa_Urambo:
Shikamoo mama, asante, tulikua tunampa na ugali maharage kabisa. Pampu nishaichukua. Nzega_Bio, babu alianza kutetemeka ana zaidi ya 70, hiyo inabadilisha kitu?

Nzega_Bio:
Inawapa nafuu mkuu, zile za kurithi kwa nguvu mara nyingi zinaanza mapema. Ila mwambie daktari habari ya babu, aiandike kwenye faili.