Re: Fungu letu limefutwa kwenye bajeti ya jimbo, tufanyeje?

Mama Neema:
Wapendwa habari za jioni. Chama chetu kilitajwa kwa jina kwenye bajeti ya jimbo letu hapa Marekani, seneta wetu wa jimbo alituwekea dola 40,000 za darasa la Kiingereza la wazee, mpaka picha tukapigwa naye. Leo ofisi moja ya jimbo imetuandikia eti gavana amefuta mstari wetu, mkataba hakuna. Na sisi ukumbi tushalipia na viti vimeshashushwa. Gharama za kabla ya mkataba mtu anadai wapi?

Baba Kevin:
Pole dada. Mna SAM lakini, ule usajili wa mtandaoni wa kupokea hela za serikali kuu? Sisi tulikwamia hapo hapo.

Salim, Columbus:
Kevin usimpoteze mtu. SAM ni ya hela za Washington, na huko zile za kutajwa kwa jina ndo zilipigwa stopu 2011 zikarudi 2021. Jimboni kwa kawaida wanataka fomu ya kodi ya W-9, EIN yaani namba ya kodi ya chama, na 990 yenu, ile ripoti ya mwaka ya watu wa kodi. Magavana wengi wana kalamu ya kukata mstari mmoja mmoja na bajeti iliyobaki wanasaini. Rais hana, Clinton alipewa, Mahakama Kuu ikaifuta 1998. Gavana DeSantis wa Florida 2024 alikata karibu dola milioni 950, ruzuku za sanaa milioni 32 zote zikaenda na maji. Wabunge wa jimbo wanaweza kurudisha fungu kura zikitosha, ila nani atahangaika kwa ajili ya wazee wetu?

Baba Kevin:
Sijampoteza mtu. Hela ya Washington ikipitia jimboni wanadai UEI, namba ya kukitambulisha kikundi, na UEI inatoka huko huko SAM. Hiyo fomu nimeijaza kwa mikono yangu mwenyewe bwana.

Wanjiru:
Mimi naona heri zifutwe tu. Pesa ya umma inagawanywa kwa kujuana na seneta mbona? Watangaze, kila kikundi kiombe, wapigwe maksi. Ni CDF tupu hii, ule mfuko wa maendeleo wa majimbo ya wabunge kule Kenya. Na nyumbani High Court ilisema Septemba 2024 NG-CDF, ndiyo CDF hiyo kwa jina jipya, inakiuka katiba, ikaamua mwisho wake uwe 30 Juni 2026, mliona wabunge walivyoruka.

Dada Zuhura:
Wanjiru we mwenzangu umewahi kuomba hizo za kutangazwa? Fomu haina mwisho, wanataka hesabu zilizokaguliwa, wanataka vielelezo, na wanaoshinda ni mashirika makubwa yaliyoajiri mtu kazi yake kuandika maombi tu toka asubuhi. Sisi tunakutania sebuleni kwangu, katibu wetu yuko shifti ya usiku nursing home. Bila kutajwa kwa jina tungepatia wapi?

Wanjiru:
Kwa hivyo kujuana ni sawa kama ni sisi.

Mzee Shaaban:
Enzi zetu Tanga zahanati mlikuwa mnajenga wenyewe, mawe mnabeba, jioni wali wa nazi chini ya mwembe. Mbunge anakuja kukata utepe tu.

Otieno:
Hiyo CDF ndiyo ilinisomesha mimi, wewe Wanjiru, bursary form two mpaka four, wacha kabisa.

Admin:
Siasa za Kenya pelekeni kule WhatsApp jamani. Kikao cha michango ya msiba ni Jumapili saa tisa alasiri, na safari hii ni saa tisa kweli.