Naomba ushauri: mama aliteleza kwenye jengo la watu, sasa wanataka asaini karatasi

Habari zenu wakuu. Mama yangu aliteleza kwenye ngazi za jengo la biashara. Zilikuwa zimetoka kupigwa deki na hakukuwa na kibao chochote cha tahadhari. Amevunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji, na kwa umri wake sijui kama atatembea tena bila mkongojo. Inaniuma sana.

Sasa meneja wa jengo ameleta pesa kidogo za pole pamoja na karatasi ya kusaini kwamba hatutadai chochote tena. Nimemzuia mama asisaini, maana matibabu bado yanaendelea na gharama kamili hatuzijui. Picha za zile ngazi ninazo, risiti na ripoti ya daktari pia, na mlinzi aliyemwinua yuko tayari kusema alichokiona (namwombea asifukuzwe kazi).

Wanasheria na mliopitia haya: barua ya madai tumwandikie mmiliki, au kampuni ya usafi, au wote? Video za kamera zao tuziombeje kabla hazijafutwa? Na wakidai mama naye hakuwa makini, fidia inapotea yote au inapunguzwa tu?